Bei kwa Kiswahili, deni kwa Kiingereza

Wahenga walinena kwamba kukopa arusi, kulipa matanga. Anayetaka kuishuhudia arusi yenyewe na azuru miji ya ukanda wa majani chai, tangu Kericho hadi Litein, na tangu Sotik hadi Bomet, wakati wakulima wanapolipwa bonasi. Magari yaliyooshwa yakang'aa hupangwa kando ya barabara, na vijana wenye ndimi laini humkaribisha kila apitaye. Anayetaka kuyashuhudia matanga na asubiri miezi minane au tisa. Hapo baadhi ya magari hayo huanza kurudi yadini yakiendeshwa na mawakala wa mkopeshaji, nao waliojidhania kuwa wenyewe hubaki na funguo za akiba mikononi.

Makala haya hayakusudii kuwakashifu wauzaji magari. Mwuzaji ana haki ya kutafuta faida, na mkulima ana haki ya kutamani gari. Katika nchi ya milima na mvua, ambako njia za udongo huteleza karibu kila alasiri, gari si anasa. Ndilo linalompeleka mgonjwa hospitalini Kapkatet usiku, ndilo linalofikisha maziwa sokoni kabla hayajaganda, na Probox iliyochakaa imesomesha watoto wengi wa Bomet. Nia yangu ni kuzungumzia jambo moja ambalo, kwa mtazamo wa mwanaisimu, ndilo kiini cha matanga hayo. Jambo lenyewe ni lugha. Huku kwetu bei ya gari hujadiliwa kwa Kipsigis na Kiswahili, lakini deni huandikwa kwa Kiingereza. Mnunuzi hushinda katika lugha anayoifahamu, kisha hushindwa katika lugha asiyoifahamu, tena pasipo kujua kwamba ameshindwa.

Kwanza tuitazame pesa yenyewe inavyokuja. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama vile Litein, Momul, Mogogosiek au Kapset, hulipwa kwa awamu mbili. Kila mwezi hupata kiasi fulani kwa kila kilo aliyopeleka. Kisha, baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi wa Juni, hulipwa salio ambalo watu wote hulijua kwa jina la bonasi, aghalabu kati ya Septemba na Oktoba. Malipo ya mwezi ni ya unga, sukari na dawa. Bonasi ndiyo ya mabati, karo na gari. Isitoshe, bonasi haitabiriki. Chai huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa dola, na kwa miaka mingi viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa vimekuwa vikilipa bonasi ndogo kuliko vile vya mashariki. Mkulima anayeahidi kulipa deni kwa bonasi ya mwaka ujao anaahidi kitu ambacho hata wakurugenzi wa kiwanda chake hawakijui.

Ajabu ni kwamba gari nalo hupitia Mombasa hiyo hiyo. Magari mengi yanayouzwa yadini ni yale yaliyotumika Japani, nayo huruhusiwa kuingia nchini maadamu hayajapita miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Hununuliwa kwa fedha za kigeni na kulipiwa ushuru bandarini kabla ya kupanda barabara kuja huku. Kwa hivyo shilingi ikidhoofika, chai humletea mkulima shilingi nyingi zaidi, lakini gari nalo hupanda bei. Anayedhani kwamba bonasi nono imemfanya tajiri mbele ya yadi huenda hajasogea hata hatua moja.

Sasa tuingie yadini. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa ukoo wetu aliniomba nimsindikize kununua gari. Sitaitaja yadi wala mji. Mwuzaji alikuwa kijana mwenye adabu na maarifa ya kazi yake.

"Karibu mzee. Bei yetu ni milioni moja na laki moja, lakini kwa kuwa ni wewe, tutaelewana."

"Kijana, punguza. Mimi ni mkulima wa majani chai, mimi si waziri."

Walivutana kwa muda wa saa nzima. Mzee alilizunguka gari, akapiga teke magurudumu, akainama kutazama kama kuna mafuta yanayovuja, akajifanya anaondoka mara mbili, akarudishwa mara mbili. Hatimaye wakakubaliana Sh1,000,000. Mzee akasema kongoi, akaketi kwa fahari ya mtu aliyeokoa Sh100,000 kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo kijana akatoa kurasa kumi na mbili za Kiingereza, zilizopigwa chapa kwa herufi ndogo kama mbegu za wimbi.

"Hii ni kawaida tu, mzee. Unaweka sahihi hapa, hapa na hapa."

Nilimwomba atueleze riba ni kiasi gani. Akajibu kwa upole, "Ni asilimia mbili tu kwa mwezi, mwalimu."

Msomaji, tusimame kidogo juu ya jibu hilo, kwa sababu sarufi yake ina kasoro. Asilimia ni sehemu ya kitu, na kitu hicho hakikutajwa. Asilimia mbili ya nini? Wanafunzi wa lugha hulijua neno hili dogo, "ya", kuwa ni a-unganifu. Kazi yake ni kuunganisha sehemu na kitu kizima. Mwuzaji akiliacha, sentensi bado husikika kamili, lakini mnunuzi hajaambiwa lolote. Katika kinyamavu hicho cha silabi moja ndimo pesa nyingi hupotelea.

Hebu tupige hesabu kwa gari la mzee. Bei ni Sh1,000,000. Analipa Sh400,000 kwanza, anabaki na deni la Sh600,000, la kulipwa kwa miezi 36. Ikiwa ni asilimia mbili ya deni lote la mwanzo, ambayo yadini huitwa "fleti", basi riba ni Sh12,000 kila mwezi, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Mara 36, ni Sh432,000. Malipo ya mwezi ni kama Sh28,667. Ikiwa ni asilimia mbili ya salio, yaani ya kile ambacho bado hakijalipwa, malipo ya mwezi ni kama Sh23,540, na riba yote ni takriban Sh247,000. Maneno ni yale yale, "asilimia mbili kwa mwezi", lakini tofauti ni zaidi ya Sh184,000. Saa nzima ya kuvutana ilimwokolea mzee Sh100,000, na silabi moja iliyonyamaziwa ingemnyang'anya karibu mara mbili ya hizo.

Ubaya wa riba ya fleti huonekana wazi katika mwezi wa mwisho. Mwezi huo mzee angekuwa amebakiwa na deni la kama Sh16,667 tu, lakini bado angetozwa riba ya Sh12,000, kana kwamba shilingi laki sita zote zingali mfukoni mwake. Ukiigeuza fleti ya asilimia mbili iwe riba ya salio, utakuta ni zaidi ya asilimia tatu na robo kwa mwezi. Nani angeikubali kama ingetamkwa hivyo?

Tuongeze mfano wa tatu. Sacco nyingi nchini zimezoea kutoza asilimia moja ya salio kwa mwezi. Kwa deni lile lile na muda ule ule, malipo ya mwezi ni kama Sh19,930, na riba yote ni takriban Sh117,000. Ni kweli kwamba Sacco ina masharti yake. Kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, na huhitaji wadhamini. Lakini mlango huo uko wazi katika nchi hii ya chai. Sacco ya Ndege Chai na ile ya Imarisha zimejulikana Kericho kwa miaka mingi. Mzee wetu alizichukua zile kurasa kumi na mbili akaenda nazo nyumbani, na baada ya majuma mawili alirudi yadini na fedha taslimu za Sacco. Aliyekuja na fedha taslimu alipunguziwa bei tena, jambo ambalo linafundisha somo lingine. Pale penye bei mbili, moja ya taslimu na nyingine ya mkopo, tofauti yake nayo ni riba, hata kama haikuitwa riba.

Kwa nini tunanyamaziwa, na kwa nini tunakubali kunyamaziwa? Sababu moja ni historia. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya kazi miongoni mwa Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii, Waluhya na wengineo waliokutana kwenye mistari ya majani chai. Kilikuwa lugha ya kuagiza, ya kuuza na ya kutaniana. Maandishi yaliyomfunga mtu yalikuwa ya Kiingereza, kuanzia kipande alichovishwa shingoni hadi tikiti ya kazi ya siku 30. Mwafrika alifundishwa mapema kwamba karatasi ya mzungu haisomwi, hutiwa kidole gumba. Kipande kilikwisha, lakini mazoea hayo hayakwisha. Mpaka leo mtu mwenye akili timamu, anayejua kuhesabu kilo za majani yake hadi nusu, huweka sahihi pale anapoonyeshwa.

Na tusidhani kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kulijadili deni. Hiki ni kisingizio tu. Lugha hii imefanya biashara ya pwani kwa karne nyingi. Riba, deni, rehani, dhamana na faida zote tumezipokea kutoka Kiarabu na kuzifanya zetu. Malipo ya kwanza ambayo yadini huitwa "dipositi" yana jina lake la kale, arubuni, yaani fedha ya kufunga mapatano, na si ajabu kwamba masikioni neno hilo linakaribiana sana na kitenzi kurubuni. Hata kitenzi chetu cha Kibantu, kukopa, kilipewa katika kamusi za kale maana mbili: kuchukua kwa ahadi ya kulipa, na kulaghai. Waliotutangulia walijua kwamba mambo hayo mawili hukaa jirani. Huko Tanzania mkopaji wa kawaida huzungumza juu ya marejesho na riba ya salio pasipo kubabaika, na tangu mwaka 2021 sheria ya nchi hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Wala fikra ya kutumia mali isiyo yako si ngeni kwa Wakipsigis. Walikuwa na desturi ya kimanagan, ambapo mtu aliweka ng'ombe wake kwa rafiki. Rafiki alikamua maziwa na kumtunza mnyama, lakini ng'ombe alibaki kuwa wa mwenyewe. Kila mtu alijua nani ana maziwa na nani ana ng'ombe. Gari la mkopo ni kimanagan ya kisasa. Unaliendesha, unabeba abiria, unapata maziwa yake kila siku, lakini logibuku ina jina la mkopeshaji pamoja na lako. Mkulima akielezwa kwa maneno hayo, kwa lugha yake, hawezi kulitaja gari kuwa lake kabla ya wakati wake. Hali kadhalika katika koito, mahari hujadiliwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na ng'ombe huhesabiwa kwa sauti. Hakuna bwana arusi anayeitwa kando, peke yake, aweke sahihi kwa lugha ambayo wajomba zake hawaielewi.

Sheria za nchi nazo si bubu. Sheria ya Ukodishaji-Ununuzi, Sura ya 507, ilitungwa mwaka 1968. Kwa mikataba inayoihusu, mnunuzi akishalipa thuluthi mbili za bei yote ya mkataba, mwenye mali hawezi kumnyang'anya hivi hivi, bali sharti aende mahakamani. Kwa mfano wetu wa fleti, bei yote ni Sh1,432,000, na thuluthi mbili zake ni kama Sh954,667. Ukijumlisha arubuni ya Sh400,000, mnunuzi huvuka kizingiti hicho anapolipa mwezi wa 20. Lakini ni wangapi wanaojua? Na ni wangapi wanaojua kwamba mkataba ulioitwa mkopo wenye rehani ya logibuku ni kitu kingine mbele ya sheria, na kwamba kinga hiyo huenda isiwahusu? Jina la karatasi ndilo linaloamua utalindwa na sheria gani, na jina hilo limeandikwa kwa Kiingereza.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka 2012 inamtaka mkopeshaji amweleze mkopaji gharama za mkopo kwa maandishi. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na kile anachokinunua. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 7, inasema kwamba lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza, na inakitaja Kiswahili kwanza. Viunganishe vifungu hivyo viwili. Habari iliyotolewa kwa lugha ambayo mpokeaji haielewi si habari. Ni wino.

Serikali ilijaribu njia nyingine. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, sheria iliwazuia wenye mabenki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Mabenki yalijibu kwa kuwanyima mikopo wale walioonekana dhaifu, na sheria ikaondolewa. Somo ni kwamba kufunga bei kwa amri si rahisi. Kuifanya bei isomeke ni rahisi zaidi, na hakumnyimi mtu yeyote biashara. Marekani ilipitisha mwaka 1968 sheria ya kumlazimisha mkopeshaji kutaja gharama yote ya mkopo na riba yake ya mwaka kwa kipimo kimoja kwa wote. Jimbo la California lilikwenda mbali zaidi mwaka 1974. Mfanyabiashara anayejadiliana na mnunuzi kwa Kihispania lazima ampe tafsiri ya mkataba kwa Kihispania kabla ya kutia sahihi, nayo yadi za magari zimo katika sheria hiyo. Baadaye jimbo hilo liliongeza Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu na Kikorea. Ikiwa Kihispania, ambacho si lugha rasmi ya California, kilipewa heshima hiyo, Kiswahili kinakosaje heshima hiyo hiyo katika nchi ambayo ni lugha yake rasmi?

Ninapendekeza basi kanuni moja nyepesi: mkataba wowote wa mkopo uandikwe katika lugha ambayo bei yake ilijadiliwa. Hadi hapo Bunge litakapoona umuhimu wake, Sacco na mashirika ya wakulima yanaweza kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili ambao mwanachama ataupeleka yadini ujazwe na mwuzaji. Uwe na mambo haya tu: bei ya taslimu, bei ya mkopo, arubuni, malipo ya kila mwezi, idadi ya miezi, jumla ya fedha zote zitakazotoka mfukoni, faini ya kuchelewa, na majina yatakayoandikwa kwenye logibuku. Bima kamili, kifaa cha kulifuatilia gari na ada za kuandaa mkopo vyote viingizwe kwenye jumla hiyo. Sisi wa vyuo vikuu, ambao tumezoea kuandikiana makala za istilahi zisizosomwa na mtu, tuna wajibu wa kuusanifu ukurasa huo, na kuutafsiri kwa Kipsigis pia.

Naye mnunuzi asingoje. Kuna maswali manne anayoweza kuuliza leo. La kwanza, asilimia hiyo ni ya deni la mwanzo au ni ya salio? La pili, nikimaliza kulipa nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla? La tatu, nikilipa kabla ya muda, riba ya miezi iliyobaki itafutwa? La nne ni muhimu hasa kwa mkulima wa chai: mnaweza kunipangia malipo madogo kila mwezi, na malipo makubwa mwezi wa Oktoba? Wengi hawajui kwamba hata ratiba hujadiliwa, sawa na bei. Deni linalodai kiasi kile kile kila mwezi kwa mtu ambaye fedha zake hazifanani kila mwezi limepandwa kombo tangu mwanzo. Tena si lazima kununua katika majuma ya bonasi, wakati kila mwuzaji anajua kilichomo mfukoni mwako. Gari lile lile huwa na bei ya unyenyekevu zaidi mwezi wa Machi.

Mwuzaji akikataa kujibu maswali hayo kwa lugha unayoielewa, au akikataa uende na karatasi nyumbani ukaisomewe na mtoto wako, basi amekwisha kukujibu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari usiloweza kulisoma ni la mwenzako.